Siku Walipokuja Kumlilia Bibi

Juzi hapa Mkuyuni, gurudumu la baiskeli ya muuza mikate lilitoboka mbele ya duka langu la kushonea. Kijana mmoja fundi akaja na beseni la maji, akachomoa tyubu, akatafuta tundu kwa mapovu, akakwangua na kupaka solusheni. Harufu ile iliingia dukani ikanikuta nimeinama kwenye cherehani, na mguu wangu ukasimama wenyewe. Kuna watu ambao harufu ya utoto wao ni maandazi ya asubuhi, au vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Yangu mimi ni solusheni ya viraka. Nikaliacha gauni la mteja nusu, nikatoka nje kuisogelea, na yule kijana akaniangalia akijiuliza huyu mama ana shida gani.

Shida nilikuwa nayo. Kule Igoma nilikokulia kuna mzee fundi baiskeli, ambaye sasa amezeeka hata spana haishiki tena, na alikuwa amenipa kazi. Alitaka nimsikilize habari za maisha yake, niziandike, kisha nirudi nimsomee. Kumsikiliza nilishakwenda. Kurudi kumsomea ndiko kulikonishinda. Wiki tatu zilipita. Leah, binti yake, alipopiga simu nilimwambia nina nguo za harusi za kumaliza. Alipopiga tena nikamwambia nina mafua. Leah ni mpole, alinipa pole ya mafua, lakini nadhani alijua nazungusha. Ukweli ni kwamba mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wanaonipita kimo, nilikuwa naogopa jambo lile lile nililoliogopa nikiwa na miaka minane.

Sisi watoto tulimwita Mzee Daftari, ila si mbele yake. Mbele yake ilikuwa "shikamoo babu" na mikono nyuma. Kibanda chake kilikuwa pale njia yetu ya vumbi ilipokutana na barabara ya Musoma, wakati Igoma bado ina nafasi za ng'ombe kupita na mawe makubwa ambayo hakuna aliyefikiria kuyapasua ili ajenge. Alikuwa mtu mfupi, na kofia yake ya sufu hakuivua hata jua likiwa la kuchemsha maji. Kwenye keria ya baiskeli yake alifunga mfuko wa nailoni wenye daftari, na kopo la maziwa lenye penseli fupi fupi pamoja na kipande cha ndala ya bluu. Kipande hicho ndicho kilikuwa kifutio chake. Kila ukurasa wake ulikuwa na alama ya kidole cha grisi mahali fulani, na nadhani hakuwahi kuiona hata moja.

Hakuwa mwalimu wala hakutumwa na serikali. Alisoma madarasa manne tu ya zamani. Kilichomwingiza kwenye kuandika ni msiba wa jirani mmoja tuliyemwita Mama Zakayo, mwanamke aliyeuza dagaa mtaani kwetu miaka na miaka. Siku ya kumzika, aliyekuwa akitengeneza msalaba aliuliza aandike jina gani. Wakatazamana. Zakayo mwenyewe alikuwa ameshatangulia, ndugu wengine hawakujulikana waliko, na katika watu wote wale waliokula dagaa wake hakuna aliyejua yule mama aliitwa nani kabla ya kumzaa Zakayo. Basi wakaandika hivyo hivyo, Mama Zakayo, akazikwa kwa jina la mtoto. Mzee Daftari alirudi kibandani, akajaribu kunyoosha rimu ya mtu, ikamshinda. Akaenda dukani akanunua daftari.

Tangu hapo akaanza kuwatembelea wazee, na alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza alikuja mikono mitupu. Alikaa, akakusikiliza, hakuandika hata neno, kwa sababu alisema mtu akiona penseli anaanza kuzungumza kama yuko mahakamani. Asubuhi ya pili yake, kabla wateja hawajafika, aliandika yote kibandani. Kisha akarudi kwako siku nyingine na kukusomea alichoandika, mstari kwa mstari, akiwa na kipande cha ndala mkononi. Ukisema "si hivyo", anafuta. Bila wewe kukubali, ukurasa ulikuwa haujakamilika. Na alianza na wazee kuliko wote mtaani, akishuka taratibu kuelekea kwa wadogo. Mtu mzima anaelewa kwa nini alianza na hao.

Mimi na Tabu, binti wa Mama Zuhura jirani yetu, hatukuelewa. Sisi tuliona kitu kingine kabisa. Mzee Daftari alikwenda kwa babu mmoja kipofu karibu na mashine ya kusaga, akarudi kumsomea, na kabla mwezi haujaisha yule babu akafa. Akaenda kwa bibi mmoja wa Kijita aliyeishi nyuma ya kanisa. Akamsomea. Naye akafa. Akaenda kwa mzee aliyekuwa zamani mpishi kwenye meli. Huyo hata wiki haikuisha. Tulikuwa tumehudhuria misiba ya kutosha kujua mambo yanavyokwenda: mtu akifa, kabla ya kuteremshwa kaburini, anasimama mtu na karatasi anasoma wasifu wake, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Hatukuwahi hata siku moja kusikia mtu aliye hai akisomewa maisha yake kutoka kwenye karatasi. Huo ulikuwa mwisho wa mtu, na huyu mzee alikuwa akiwapelekea watu mwisho wao nyumbani, kwa baiskeli.

"Siku ya kwanza anaonja," Tabu alinieleza tukiwa tumejificha nyuma ya jiwe, "ya pili ndiyo anamaliza."

Nami nikaamini, kwa sababu Tabu alikuwa na miaka kumi na meno yote.

Niliishi na Bibi yangu, mama yake baba. Mama alifanya kazi mjini na kuja mwisho wa mwezi, na baba alikuwa picha ukutani. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa Bibi. Nililala naye kitanda kimoja, miguu yangu ikiwa katikati ya miguu yake wakati wa baridi. Alinifunga kanga, alinifundisha kukata viazi vitamu vya kukausha juani, yaani michembe, alinichapa nilipostahili, na alikuwa na namna ya kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mtaani walimwita Mama Elikana, kwa jina la baba yangu mkubwa. Mimi nilimwita Bibi na sikudhani kwamba kuna jina lingine.

Siku Mzee Daftari alipoegesha baiskeli uani kwetu, mikono mitupu, nilikwenda kushika kanga ya Bibi. Walisalimiana kwa Kisukuma, "mwadila, mwadila," wakakaa kwenye vigoda, na Bibi akaendelea kumenya karanga. Walizungumza hadi jua likahama ukutani. Mabega ya Bibi yalitikisika mara nyingi siku ile. Mara moja alijifuta macho kwa ncha ya kanga, naye mzee akamsubiri bila kumharakisha. Alipoinuka alisema, "Jumamosi nitarudi nikusomee, Mama Elikana."

"Karibu," Bibi akasema, tena kwa furaha.

Siku tatu zile sikula vizuri. Nilimsikiliza Bibi akikohoa nikahesabu kikohozi. Nilimwambia kwamba Mzee Daftari si mtu mzuri, akaniuliza amenifanya nini, nikakimbilia nje. Siwalaumu sana watu wazima kwa kutonielewa, lakini leo najua kwamba hata baadhi yao walikuwa na mawazo kama yangu. Mama Zuhura alikuwa akivuka upande wa pili wa njia akiiona ile baiskeli. Kuna nyumba ambazo mzee alibisha hodi akaambiwa mwenyewe amesafiri, huku mwenyewe anasikika akipiga chafya ndani.

Jumamosi asubuhi Bibi alipanda kwenye jiwe pana nyuma ya nyumba kuanika michembe. Mimi nikatoka mbio hadi kibandani. Mzee alikuwa ameshaanza kazi, tyubu iko kwenye beseni, solusheni imefunguliwa, na daftari limeshafungwa kwenye keria tayari kwa safari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema hivi? Bibi amekutuma?"

"Bibi hayupo."

"Amekwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa "Bibi hayupo" tu. Alikokwenda sikuwa nimekupanga. Nikafikiria kusema Kisesa kwa shangazi, lakini Kisesa ni hapo hapo, angekanyaga pedali mara chache akafika. Magu angemfuata. Mzee huyu alikuwa mtu wa kupakia baiskeli kwenye meli akamfuata mtu hadi Ukerewe, na alishafanya hivyo. Nikatafuta mahali ambapo baiskeli haifiki.

"Amefariki," nikasema.

Aliiweka spana chini polepole. Akavua ile kofia ya sufu, na kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake, kina upara mdogo katikati na mvi zimeuzunguka. Akapiga magoti mbele yangu.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Pole, mama. Pole sana, mjukuu wangu." Aliniwekea mkono kichwani, mkono wa grisi na solusheni, na macho yake yakajaa machozi. Hapo nami nikaanza kulia kwelikweli, kwa woga na kwa aibu, na kilio changu kikamalizia kila alichokuwa akihitaji kuamini. Akaniambia niende kwa Mama Zuhura nikae hapo. Alisema yeye atawaita watu. Kisha akamwaga maji ya beseni, akafunga kibanda.

Sikufikiria maana ya kuwaita watu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kwa mbali nilimwona Bibi juu ya jiwe, mgongo wake umeinama, akipanga vipande vya viazi kimoja kimoja. Amepona, nikajisemea. Nikaingia jikoni kuwasha moto wa uji, nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote Igoma.

Kilio cha kwanza kilikuwa cha Mama Zuhura. Kilianzia kwake na kuja mbio kwetu, na nyuma yake vikafuata vingine. Nilichungulia kupitia ufa wa mlango nikaona uwanja unajaa. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni. Mama Zuhura alibeba unga kwenye ndoo kichwani huku akilia, "Jirani yangu! Mama Elikana, umeniachia nani!" Wanaume walikuja na mabenchi ya kanisani na turubai, na vijana wawili walikuwa na jembe na sururu begani, wakiuliza tayari kaburi litachimbwa upande gani. Mzee Daftari alisimama kando, kofia mkononi. Mimi nikaingia nyuma ya pipa la maji.

Na ndipo nikamsikia Bibi. Alikuwa amesikia kilio nyumbani kwake, na katika nyumba ile walikuwa wakiishi watu wawili tu. Alishuka kutoka kwenye jiwe na kisu cha viazi mkononi na ndala mguu mmoja, akipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena hadi leo.

"Mjukuu wangu! Jamani mjukuu wangu! Nilimwacha mzima, jamani!"

Alikuwa ananililia mimi. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia nyuma ya lile pipa. Nilijua Bibi ananipenda, jinsi unavyojua kwamba kesho kutakucha, lakini sikuwa nimewahi kusikia upendo huo ukitoka wote kwa mara moja.

Watu waliganda. Mama Zuhura alikata kilio katikati ya neno, akasema "Inna lillahi," akakaa chini pale pale, na unga ukamwagika mapajani. Kijana mwenye sururu alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. Bibi aliwapita wote, akiita jina langu, akaingia jikoni, akanikuta, akanikumbatia kwa nguvu hadi nikakosa pumzi. Kisha akaanza kutafuta nimeumia wapi.

"Sijaumia," nikasema. "Nimesema umekufa wewe."

Sitaeleza sana dakika zilizofuata. Itoshe kusema nilitolewa nje kwa sikio, nikasimamishwa mbele ya watu ambao walikuwa wameacha mashamba na maduka yao ili waje kuzika.  Bibi alikuwa anatafuta fimbo, lakini Mzee Daftari alimwomba asubiri. Alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Kwa nini ulisema hivyo, mama?"

"Kwa sababu ukimsomea atakufa."

Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Nilipoinua macho niliona watu wazima wakitazama ardhi, mabenchi, miguu yao wenyewe. Mama Zuhura alikuwa akikusanya unga kwa viganja na hakumwangalia mzee hata kidogo. Naye akawazungukia wote kwa macho, mmoja baada ya mwingine, akawaelewa. Akainuka, magoti yakilia.

"Basi kumbe ndivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Milango yote ile. Nilidhani ni mimi ninayewachosha watu."

Alikwenda kwenye baiskeli yake akaanza kuufunga ule mfuko wa nailoni kwa mafundo mengi, mafundo ya kitu ambacho hutakifungua tena. Nilikuwa mtoto, lakini niliona. Nilikuwa nimemwokoa Bibi na nimevunja kitu kingine, na sikujua kinatengenezwaje.

"Wewe mzee," Bibi akasema. "Unakwenda wapi?"

"Kazini, Mama Elikana. Nimekwisha."

"Hujaisha. Uliniambia Jumamosi, na leo ni Jumamosi. Watu wamekuja, unga umekuja, mabenchi yamekuja. Keti hapo unisomee. Unisomee mbele yao wote. Nikifa, wachimbaji si hao hapo?"

Na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtu mmoja akaangua kicheko, wa pili akafuata, kisha uwanja mzima. Mzee alibaki ameshika mfuko. Nadhani alitaka kukataa. Lakini Bibi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kanisani, kisu pembeni yake, amevuta kanga yake vizuri, akisubiri. Mzee akafungua mafundo yake moja baada ya jingine.

"Jina langu ni Minza binti Masalu," akasoma.

Akatua kidogo, kwa sababu watu walikuwa wamenong'ona. Mama Zuhura, ambaye ukuta wake na wetu vilitenganishwa na mchongoma tu, aliuliza kwa sauti, "Kumbe unaitwa Minza?" Wengi walikuwa wakijiuliza hilo hilo. Walikuja na jembe na sururu kumzika, na msalaba wake ungeandikwa Mama Elikana. Mimi nilitamka jina lile kimyakimya. Minza. Lilikuwa la msichana.

Akaendelea kusoma. Jinsi Minza alivyokuja kwa miguu kutoka kwao, na jembe na kuku mmoja, akiwa mke wa pili ambaye mke wa kwanza alimpenda. Jinsi kisima tunachochota hadi leo kilivyoonekana na yeye, alipomfuata ndama aliyepotea akamkuta kati ya mawe, midomo imelowa. Jinsi alivyozika watoto watatu kabla Elikana hajasimama, na majina yao yakasomwa, na hapo ndipo nilipofahamu siku ile ya karanga alikuwa analilia nini. Jinsi alivyoiacha njia ipite katikati ya shamba lake ili watu wa mtaa wa juu wasizunguke, ile njia ambayo nusu ya waombolezaji walikuwa wamepita asubuhi hiyo wakiwa na mabenchi kichwani.

"Ndama mweupe," mzee akasoma.

"Futa hapo," Bibi akasema. "Alikuwa mwekundu. Ndama mweupe nimempata wapi mimi?"

Mzee akatoa kipande cha ndala, akafuta, akapuliza vumbi la karatasi, akaandika tena. Watu wakacheka, na mtu mmoja akasema anamkumbuka ndama yule, mwingine akabisha, na wakaanza kugombana kuhusu ndama aliyekufa kabla sijazaliwa. Ule unga ulisongwa ugali. Tulikula wote pale, msiba usio na maiti, na kabla watu hawajaondoka Mama Zuhura alimwendea mzee, akamwambia kwa kusitasita kwamba mama yake yuko hapo kwake, ni mtu wa pwani aliyekuja na reli, ana mambo mengi, na kama hatajali, wiki ijayo.

Adhabu yangu haikuwa fimbo. Bibi alinizungusha kwa kila nyumba iliyokuwa imeleta kitu. Nilisimama kila mlangoni nikasema, "Shikamoo, Bibi yangu hajafa, naomba msamaha." Kufikia nyumba ya mwisho nilikuwa nayasema kama sala. Usiponiamini muulize Tabu, alinifuata nyuma siku nzima akishika tumbo kwa kicheko.

Lakini woga haukuisha kwa siku moja. Kila asubuhi niliamka kabla ya Bibi nikaweka sikio karibu na pua yake. Mara nyingi alikuwa macho tayari, ananisubiri.

"Nimeamka, mwanangu," alisema. "Sijafa."

Alisema hivyo asubuhi nyingi, na kuwasimulia majirani wakacheka, hadi nikasahau kusikiliza. Aliishi akaniona nikimaliza shule, akaniona nikinunua cherehani ya kwanza. Alipokufa kweli, wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa ule ule, ukurasa wenye sehemu nyembamba pale ndama alipofutwa, na msalaba uliandikwa Minza Masalu. Sikuhitaji kumweleza mtu yeyote bibi yangu alikuwa nani. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

Mtaani kwetu jambo lile likawa desturi, hata wageni waliohamia juzi wanadhani lilikuwepo tangu zamani. Mzee akifika umri, watu huuliza, "Huyu ameshasomewa?" Hukaliwa uani, majirani huja na unga na samaki, mwenyewe huketi mbele, na kila akisema "futa" watu hushangilia. Kuna ndugu waliogombea mpaka wa shamba wakapatanishwa na ukurasa wa baba yao. Wanafunzi wa shule ya pale hutumwa kuandika habari za kisima, na jibu ni Minza. Madaftari yamejaa sanduku la bati kwa Leah, na yote yananukia solusheni.

Nilipokwenda kwa mzee mara ya kwanza, wiki zile tatu zilizopita, nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, kofia ile ile kichwani. Nilikuja mikono mitupu kama alivyonifundisha. Nilifungua mdomo nimuulize swali lake la kwanza, lile la jina, ambalo kila mtu Igoma analijua, nikatahayari. Sikujua jina lake. Miaka yote hii alikuwa Mzee Daftari kwangu, Baba Leah kwa wengine, Fundi kwa wateja.

"Nilikuwa nasubiri uone," akasema, akatabasamu bila meno. "Naitwa Makoye. Makoye mwana wa Shija."

Alinieleza mengi siku ile. Alinieleza pia kwamba Jumamosi ile ya Bibi ingekuwa ya mwisho. Milango ilikuwa imemchosha. Alikuwa ameamua kwamba baada ya kumsomea Mama Elikana atawasha moto kwa yale madaftari na kurudi kwenye rimu zake. "Ungeninyamazia kwa adabu kama wenzako, ningeacha," akasema. "Wewe ukasema. Wabeja, mjukuu wangu. Wabeja sana." Nilitaka kumwambia kwamba wa kushukuru ni mimi, kwamba bila yeye ningemzika bibi yangu bila kumjua, lakini yeye akawa ameshasinzia.

Niliandika ukurasa wake asubuhi ya pili. Kisha nikakaa nao wiki tatu, kwa sababu mara ya kwanza ni kuonja.

Baada ya ile harufu hapa dukani, sikuweza tena. Jumamosi nilifunga duka nikaenda. Uwanja ulikuwa umejaa, Leah alikuwa anapika, na Mama Zuhura mwenyewe, aliyezeeka sasa na fimbo mkononi, alikuwa ameletewa kiti mbele. Nilisimama na daftari, nikalifungua, nikalifunga tena. Mzee aliniangalia akaelewa. "Soma, mama," akasema. "Wachimbaji hawajaja leo." Nikasoma. Jina langu ni Makoye mwana wa Shija. Alinifanya nifute mara mbili, mara moja kwa sababu nilikosea idadi ya spoku, na mara ya pili pale nilipoandika kwamba yeye ndiye aliyeanzisha kusomewa. Alisema niandike mtoto aliyekaa nyuma ya pipa. Nilikataa, watu wote wakapiga kelele, nikafuta.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia Leah simu. Sikujua nitasema nini, kwa hiyo nilimuuliza tu baba ameamkaje. Nilisikia akitembea na simu, mlango ukafunguliwa, kisha sauti kavu ya mzee, karibu kabisa na sikio langu.

"Nimeamka, mwanangu," akasema. "Sijafa."